Chema chajiuza? Jinsi mbinu za wauza bidhaa zinavyoweza kumfaa mhitimu anayesaka ajira

CHEMA chajiuza, kibaya chajitembeza. Vijana wengi humu nchini hulelewa kwa imani ya methali hii. Tangu darasa la kwanza huambiwa kwamba wakisoma kwa bidii na kufaulu mitihani, kazi itawatafuta yenyewe. Hatimaye siku ya mahafali huwadia, joho likavaliwa, mbuzi akachinjwa na picha zikapigwa. Majuma machache baadaye joho hurejeshwa chuoni na mhitimu huanza safari ambayo hakufunzwa darasani. Hutoka afisi hii akaingia ile, bahasha ya kaki mkononi, akiuza kitu ambacho hajui jinsi ya kukiuza. Kitu hicho ni yeye mwenyewe.

Safari hiyo si ya mzaha. Nyuma ya mhitimu aghalabu yupo mzazi aliyeuza ng'ombe au kipande cha shamba ili alipe karo, na wapo wadogo zake wanaomtazamia awasomeshe. Lipo pia deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995. Mnufaika hutakiwa kuanza kulipa mkopo wake mwaka mmoja baada ya kukamilisha masomo. Hivyo basi, kila mwezi unaopita bila jibu kutoka kwa mwajiri humzidishia mzigo na kumpunguzia matumaini.

Takwimu nazo hazimpi faraja. Kwa mujibu wa ripoti ya hali ya uchumi iliyotolewa na Shirika la Takwimu la Kitaifa (KNBS) mnamo 2025, nafasi mpya za kazi zipatazo 782,300 zilibuniwa nchini mwaka wa 2024. Kati ya hizo, takriban 703,700 zilikuwa katika sekta isiyo rasmi, ile ijulikanayo kama jua kali. Nafasi katika sekta rasmi, ambazo ndizo ndoto ya wengi, hazikufika 80,000 nchi nzima.

Katika soko finyu kama hilo, shahada pekee haitoshi kumtofautisha mwombaji mmoja na mwenzake. Ndiposa wataalamu wengi wa ajira huwashauri vijana waazime maarifa kutoka kwa watu ambao kazi yao ni kukifanya kitu kionekane, kiaminike na kichaguliwe miongoni mwa vingi vinavyofanana nacho. Watu hao ni wauzaji wa bidhaa.

Wazo hili si geni. Mnamo 1997, mwandishi Mmarekani Tom Peters alichapisha makala katika jarida la Fast Company akidai kwamba kila mfanyakazi anafaa kujichukulia kama chapa, sawa na kampuni kubwa zinavyozichukulia bidhaa zao. Wapo waliolikosoa wazo hilo wakisema kwamba binadamu si sabuni. Hata hivyo, likifahamika vyema, lina manufaa makubwa kwa kijana ambaye hana jina wala mtu wa kumshika mkono.

Mashaka ya mwajiri

Kabla ya kujiuza, ni sharti mhitimu aelewe shida aliyo nayo mnunuzi. Mwajiri anayetangaza nafasi moja huweza kupokea mamia ya maombi. Waombaji wote wamesoma, wote wanadai kuwa wachapakazi na wote wanajieleza kuwa waaminifu. Mwajiri hana njia ya kuona ndani ya mioyo yao. Akikosea na kumwajiri mvivu, atapoteza mshahara, muda na pengine wateja.

Mwanauchumi George Akerlof alilichambua tatizo la namna hii katika makala aliyoichapisha 1970, akitumia mfano wa magari yaliyokwisha kutumika. Mwenye gari anajua kama injini ni nzima au mbovu, ilhali mnunuzi hajui. Kwa kuchelea kutapeliwa, mnunuzi hutaja bei ya chini kwa magari yote, na mwenye gari zuri huumia kwa sababu ya magari mabovu ya wengine. Miaka mitatu baadaye, Michael Spence alieleza kuwa katika soko la ajira, elimu hutumika kama ishara. Cheti humwonyesha mwajiri kuwa mtu huyu aliweza kuvumilia na kukamilisha jambo gumu. Wawili hao, pamoja na Joseph Stiglitz, walituzwa Nobel ya uchumi mwaka wa 2001.

Ishara, hata hivyo, hupungua nguvu inapokuwa mikononi mwa watu wengi. Mwaka wa 2012 ulipoanza, Kenya ilikuwa na vyuo vikuu saba pekee vya umma. Baada ya vyuo vishiriki kadhaa kupandishwa hadhi, idadi hiyo ilifika 22 kufikia 2013. Upanuzi huo uliwafungulia mlango vijana ambao zamani wangeachwa nje, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini pia ulimaanisha kwamba shahada, ambayo kwa wazazi wao ilikuwa tiketi ya moja kwa moja ya kuingia afisini, sasa ni kiingilio cha uwanjani tu. Mchezo wenyewe huanzia hapo.

Swali ambalo mhitimu anapaswa kujiuliza, basi, ni ishara gani nyingine anayoweza kumpa mwajiri ili kumwondolea mashaka. Hapo ndipo chapa inapoingia.

Chapa ni ahadi

Watu wengi hudhani kwamba chapa ni nembo, rangi au wimbo wa tangazo. Hivyo ni vitambulisho tu. Chapa yenyewe ni ahadi ambayo imetimizwa mara nyingi hadi mteja akaacha kuitilia shaka. Mama anayemtuma mtoto dukani humwagiza alete "Omo" hata kama atarudi na sabuni nyingine ya unga, na wapo wanaoita rangi yoyote ya viatu "Kiwi". Jina moja limebeba sifa ya jamii nzima ya bidhaa kwa sababu wanunuzi waliizoea ahadi yake.

Historia ya huduma ya M-Pesa ina funzo kubwa kuhusu ahadi. Majaribio yake yalipoanza mnamo Oktoba 2005, huduma hiyo ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji wa shirika la mikopo midogo kulipa madeni yao kwa simu. Ilibainika kwamba watumiaji walikuwa wakiitumia kwa mambo mengine, hasa kupelekeana pesa. Safaricom ilipoizindua rasmi Machi 2007, haikuwatajia Wakenya kila kitu ambacho mtambo ule ungeweza kufanya. Iliwapa ujumbe mmoja mwepesi, kwamba sasa wangeweza kutuma pesa nyumbani. Mfanyakazi wa Nairobi mwenye mama kijijini hakuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Wahitimu wengi hufanya kinyume cha hayo. Hujieleza kwa orodha ya sifa kumi au kumi na tano: mchapakazi, mbunifu, kiongozi, mtu wa kushirikiana na wenzake, mwepesi wa kujifunza, mwenye kustahimili shinikizo. Msomaji akifika mwisho wa orodha huwa hakumbuki hata moja. Mhitimu anayeweza kusema kwa sentensi moja tatizo analolitatua na anayemtatulia, huyo ameanza kuwa na chapa.

Kuchagua soko

Kosa jingine la kawaida limo katika maneno mawili: kazi yoyote. Kijana akiulizwa na mjomba wake anatafuta kazi gani, hujibu "yoyote tu". Anadhani kwamba kwa kujibu hivyo amepanua nafasi zake. Ukweli ni kwamba amezipunguza, kwa maana mjomba hajui amkumbuke wakati gani. Akijibu kuwa anatafuta kazi ya kuandaa hesabu za vyama vya ushirika, mjomba atamkumbuka siku atakapomsikia mwenyekiti wa chama cha wakulima akilalamika kuhusu vitabu vya hesabu.

Wauzaji huita hatua hii kugawanya soko na kuchagua sehemu. Mfano wa karibu ni Equity, iliyoanza 1984 kama chama cha kukopesha fedha za nyumba na kupata leseni ya kuwa benki mwishoni mwa 2004. Badala ya kung'ang'ania matajiri na kampuni kubwa ambazo tayari zilikuwa na benki zao, ilijielekeza kwa wakulima wadogo, wachuuzi na watu wa mapato ya chini ambao benki kubwa hazikuwajali. Kwa kuwahudumia waliopuuzwa, ilikua hadi ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka wa 2006.

Mhitimu naye anaweza kujiuliza ni waajiri gani wanaopuuzwa na wenzake. Wengi hukimbilia benki, mashirika ya kimataifa na kampuni za simu zilizo jijini. Wachache hufikiria viwanda vya majani chai, vyama vya akiba na mikopo vya mashinani, hospitali za misheni, shule za kibinafsi, kampuni za usafirishaji au mashamba ya maua. Huko pia kunahitajika wahasibu, wanatakwimu, wataalamu wa kompyuta na maafisa wa mawasiliano, na huenda msongamano wa bahasha si mkubwa kama ule wa jijini.

Nguzo nne

Mwaka wa 1960, mwalimu wa masoko E. Jerome McCarthy aliigawa kazi ya kutafuta soko katika nguzo nne ambazo zingali zinafunzwa vyuoni: bidhaa, bei, mahali na utangazaji. Nguzo hizo zinaweza kumwongoza mhitimu hatua kwa hatua.

Nguzo ya kwanza ni bidhaa, yaani kile hasa ambacho mhitimu anaweza kukifanya. Kisichukuliwe kuwa sawa na kile alichosomea. Waajiri hawanunui kozi, wananunua kazi itakayofanyika. Chukulia mfano wa msichana aliyesomea uhasibu na ambaye, wakati wa likizo, alikuwa akiweka vitabu vya chama cha akina mama kanisani kwao. Katika wasifukazi wake ameandika kuwa ana "ujuzi mzuri wa hesabu na uaminifu wa hali ya juu". Maneno hayo yanaweza kuandikwa na yeyote. Lau angeandika kwamba kwa miaka miwili alisimamia hesabu za chama chenye wanachama 30, akatoa taarifa ya fedha kila mwezi na vitabu vikakaguliwa bila dosari, angekuwa amethibitisha ujuzi na uaminifu pasipo kuvitaja.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya sifa na ushahidi. Karibu kila mhitimu ana ushahidi ambao ameudharau kwa kuwa haukutoka katika afisi yenye jina kubwa. Aliyeuza duka la mzazi anajua kuhesabu mali na kuhudumia mteja mwenye hasira. Aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi amewahi kupanga bajeti na kutatua migogoro. Aliyefundisha watoto wa jirani masomo ya ziada anajua kueleza jambo gumu kwa lugha nyepesi. Mafunzo ya nyanjani, ambayo baadhi ya wanafunzi huyachukulia kama desturi ya kujaza kijitabu, ndiyo hazina kubwa kupita zote, kwa sababu huko mhitimu hupata msimamizi anayeweza kumtolea ushahidi.

Wasifukazi wenyewe haustahili kuwa mrefu. Kurasa mbili zinamtosha mtu ambaye hajawahi kuajiriwa. Alama za darasa la nane, dini, uzani wa mwili na uraibu wa "kusoma na kusafiri" havimsaidii mwajiri kuamua. Kadhalika, mhitimu ajihadhari na wasifukazi wa saiba, ule ambao mhudumu wa mkahawa wa intaneti anao tayari kwenye kompyuta na hubadilisha jina tu. Mwajiri aliyekwisha kukutana na aya ileile ya "lengo la maisha" mara ishirini hutambua mara moja kwamba mwombaji hakuiandika mwenyewe. Siku hizi programu za akili unde zimeingia katika biashara hiyo, na barua zinazoandikwa nazo bila kuhaririwa hufanana kama nakala za saiba.

Bei na thamani

Nguzo ya pili, bei, huwatatiza vijana wengi. Wakiulizwa mshahara wanaoutaka, baadhi hutaja kiasi walichosikia mitaani, wengine hujibu kwa unyonge kwamba watapokea chochote. Majibu yote mawili huwaponza. Bei ya juu isiyo na msingi humfukuza mnunuzi, na bei ya kujidhalilisha humfanya ashuku ubora wa bidhaa. Aliyejiandaa huuliza mapema waliomtangulia katika fani yake hulipwa kiasi gani, kisha hutaja kiwango chenye upeo wa chini na wa juu, akieleza kwamba yuko tayari kujadiliana.

Suala la uanagenzi nalo limo katika nguzo hii. Kampuni inapoleta sabuni mpya sokoni, huenda ikagawa pakiti ndogo bila malipo ili watu waionje. Vivyo hivyo, mhitimu anaweza kukubali kazi ya malipo madogo kwa muda ili apate tajiriba na mashahidi. Serikali yenyewe, kupitia Tume ya Utumishi wa Umma, huendesha mpango wa uanagenzi kwa wahitimu. Lakini hakuna kampuni inayogawa sabuni bure mwaka baada ya mwaka. Kijana anayefanya kazi ya mtu mzima bila ujira kwa muda mrefu huwa hajengi jina tena, bali ananyonywa. Ni busara kuweka kikomo tangu mwanzo, kukubaliana kuhusu yale atakayofunzwa, na kuondoka na barua inayoeleza kazi aliyoifanya.

Mahali pa kupatikana

Nguzo ya tatu ni mahali. Bidhaa nzuri iliyofichwa nyuma ya rafu haiwezi kununuliwa. Wahitimu wengi husubiri matangazo ya magazetini na kwenye tovuti za ajira, ilhali sehemu ya nafasi hujazwa kabla ya kutangazwa, kupitia watu wanaofahamiana.

Katika utafiti aliouchapisha 1973, mwanasosholojia Mark Granovetter aliwahoji watu waliokuwa wamebadilisha kazi katika kitongoji kimoja cha Boston, Marekani. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu waliyemfahamu, asilimia 16.7 pekee walikuwa wakikutana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walikutana naye kwa nadra kiasi, na asilimia 27.8 mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Sababu yake ni nyepesi. Marafiki wa karibu hujua yale unayoyajua tayari, ilhali mtu wa mbali huishi katika duru nyingine na husikia habari nyingine. Utafiti mwingine uliochapishwa katika jarida la Science mwaka wa 2022, uliochunguza watumiaji milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn, uliunga mkono wazo hilo, ukaongeza kwamba watu wanaofaa zaidi ni wale wenye ukaribu wa wastani.

Kwa mhitimu wa Kenya, watu hao ni msimamizi wa mafunzo ya nyanjani, mhadhiri aliyesimamia mradi wake, mwanafunzi aliyemtangulia kwa miaka mitatu, mwanachama wa chama cha mzazi, au mzee wa msikiti au kanisa anayefanya kazi mjini. Kuwaomba kazi moja kwa moja huwatia wengi katika hali ngumu. Kuwaomba dakika chache za ushauri kuhusu jinsi sekta yao inavyofanya kazi huwapa heshima, na aghalabu huzaa habari ambazo tangazo lisingezitoa.

Hapa pana hatari ya kuchanganya mambo mawili. Kufahamika kwa kazi njema si sawa na kupenyezwa kwa mlango wa nyuma. Vijana wengi wamevunjika moyo kwa kuona nafasi zikigawiwa watoto wa wakubwa au kuuzwa kwa hongo, na uchungu wao una msingi. Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 kinataka uteuzi katika utumishi wa umma ufanywe kwa misingi ya ushindani wa haki na ustahiki. Anayetoa hongo ili aingizwe kazini hununua kiti ambacho si chake, na huanza kazi akiwa tayari mtumwa wa yule aliyempokea. Anayejulishwa kuhusu nafasi kisha akashindana na wenzake hajamdhulumu mtu.

Utangazaji usio na makuu

Nguzo ya nne ni utangazaji, na hapa ndipo wengi huharibu yale mema waliyoyajenga. Mwajiri huanza kumhukumu mwombaji kabla hajamwona. Anwani ya barua pepe yenye jina la utani lililobuniwa katika kidato cha pili, simu ambayo humwimbia mpigaji wimbo wa matusi, au picha za ulevi mtandaoni, vyote hutoa ahadi ambayo mhitimu hakukusudia kuitoa. Siku hizi waajiri wengi hutafuta jina la mwombaji kwenye intaneti. Mhitimu na alitafute jina lake mwenyewe kwanza, aone wataona nini.

Utangazaji mwema ni kuiacha kazi ionekane. Mwanafunzi wa usanifu wa majengo anaweza kuweka michoro yake mtandaoni, mwanahabari makala zake, mtaalamu wa kompyuta programu alizoziunda, na mwanakilimo maelezo mafupi ya jinsi wakulima wa kijijini mwao walivyokabiliana na viwavijeshi. Maonyesho ya aina hii hayahitaji mtaji mkubwa, na humtenga mhitimu na wale ambao wana maneno tu.

Barua ya kuomba kazi nayo iandikwe kwa mwajiri mmoja. Aya ya kwanza itaje nafasi na kilichomvutia mwombaji kwa mwajiri huyo. Ya pili itoe ushahidi mmoja au miwili unaolingana na kazi yenyewe. Ya tatu iombe mahojiano kwa adabu. Barua inayoweza kutumwa kwa waajiri hamsini bila kubadilisha neno huwa haijamlenga hata mmoja wao.

Sambamba na hayo, anayejitangaza sharti ajilinde. Soko la watafutaji kazi limevamiwa na matapeli wanaotangaza nafasi zisizokuwepo, kisha wakadai pesa za "usajili", "fomu" au "uchunguzi wa afya" zitumwe kwa simu. Mwajiri wa kweli hulipa mfanyakazi, hamtozi kwa kumwalika kwenye mahojiano. Nakala za kitambulisho na vyeti pia zisitumwe kwa kila anayeziomba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humpa mwananchi haki ya kujua habari zake zinakusanywa kwa sababu gani, lakini haki hiyo ni vigumu kuitetea mbele ya tapeli asiye na anwani.

Mbele ya jopo

Wauzaji husema tangazo humleta mteja dukani, lakini anayemfanya anunue ni mhudumu aliyemkuta humo. Mahojiano ndiyo duka lenyewe. Swali la kwanza karibu kila mara ni ombi la kujieleza, na wengi hulijibu kwa kusimulia walikozaliwa na shule za msingi walizosomea. Jopo halihitaji hadithi ya maisha. Linataka kujua kama mtu aliye mbele yao ataweza kazi wanayoitaka ifanywe.

Jibu lenye nguvu lina mambo matatu: tatizo alilowahi kukumbana nalo mwombaji, hatua alizozichukua, na matokeo yake. Akiwa na visa vitatu au vinne vya namna hiyo, vya kweli, anaweza kuyakabili maswali mengi bila kubabaika. Akiulizwa jambo asilolijua, heri akiri na kueleza jinsi atakavyolitafuta. Mwishoni, akipewa fursa ya kuuliza, aulize kuhusu kazi yenyewe kabla ya kuuliza kuhusu likizo na marupurupu.

Mipaka ya chapa

Ukweli mwingine haufai kufichwa. Ufungaji mzuri hauwezi kuokoa bidhaa mbovu. Nakumatt, duka lililoanzia katika biashara ya magodoro mjini Nakuru, lilikua hadi likawa na matawi zaidi ya 60 katika Afrika Mashariki, na nembo yake ya ndovu ilijulikana na watoto kwa wazee. Liliposhindwa kuwalipa wanaoliletea bidhaa, rafu zilibaki tupu. Jina lilikuwa bado maarufu, lakini mteja aliyefika hakupata alichokifuata. Mnamo Januari 2020, wadai wake walipiga kura lifungwe. Chapa ni ahadi, na ahadi isiyo na kitu nyuma yake huporomoka hata ikiwa imeandikwa kwa herufi kubwa.

Somo hilo linawahusu wanaoshawishika kughushi. Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilifichua kwamba maafisa 2,067 katika taasisi mbalimbali za serikali walikuwa na vyeti bandia. Waliokutwa na hatia ya aina hiyo hukabiliwa na kesi na kudaiwa mishahara waliyokwisha kulipwa. Zaidi ya hayo, kila cheti bandia huwaumiza wasio na hatia, kwa kuwa humfanya mwajiri avitilie shaka hata vyeti halali. Ni yaleyale ya magari mabovu aliyoyaeleza Akerlof.

Mpaka wa pili ni kwamba mbinu hizi humsaidia mtu mmoja kuonekana, lakini haziongezi idadi ya viti. Mahali palipo na nafasi moja na waombaji mia tatu, hata kama wote watajieleza kwa ustadi, 299 watarudi nyumbani. Kwa hivyo si haki kumlaumu kila kijana asiye na kazi kwamba hajui kujiuza. Jukumu la kukuza viwanda, kuwalipa wafanyabiashara kwa wakati na kukomesha ufisadi katika uajiri lingali mabegani mwa serikali na sekta ya kibinafsi.

Lakini takwimu zilezile zinazoogofya zina upande wa pili. Iwapo takriban nafasi tisa kati ya kila kumi hutoka katika sekta isiyo rasmi, basi huenda mnunuzi wa kwanza wa ujuzi wa mhitimu asiwe mwajiri bali mteja. Mwenye duka la vipuri anahitaji mtu wa kumwandalia hesabu za kodi. Mwenye hoteli ndogo anahitaji picha na maelezo ya kuvutia wageni. Mfugaji anahitaji ushauri kuhusu chanjo. Nguzo nne ni zilezile: kujua unachouza, kukiwekea bei ya haki, kupatikana, na kujulikana. Anayeanza na wateja watatu wadogo na kuwaridhisha huwa tayari ana tajiriba ambayo matangazo ya kazi hudai na ambayo kila mhitimu hulalamika kuwa hana pa kuipatia.

Hapo ndipo methali ya wahenga inapojidhihirisha kuwa haikudanganya, bali husomwa kwa haraka. Chema huanza kujiuza baada ya mtu wa kwanza kukionja, akaridhika na kumweleza jirani yake. Mnunuzi huyo wa kwanza hajitokezi mwenyewe, ni lazima atafutwe, aheshimiwe na atimiziwe ahadi. Mhitimu anayelijua hilo ataendelea kutembea na bahasha yake, ila safari hii atakuwa anajua anabisha mlango gani na amebeba nini cha kumwonyesha aliye ndani.